Saa Thelathini za Bahari

Jumanne ya pili ya muhula, saa nane na dakika kumi mchana, Hoda Abdighani alikuwa anachora mwezi ubaoni katika darasa la Gredi ya Sita, shule moja ya msingi nje kidogo ya Kulamawe, kaunti ya Isiolo, bara kabisa. Chini ya mwezi alichora mstari uliopinda juu, akaandika "maji kujaa". Kando yake akachora mwingine uliopinda chini, akaandika "maji kupwa". Chaki ilikuwa imebaki kipande. Watoto walikuwa wametoka kula githeri, nusu yao wanasinzia, na joto la Kulamawe saa nane si la mchezo. Ndipo bahari ikaingia kwa chini ya mlango.

Iliingia polepole, na povu kidogo mbele. Ikapita chini ya madawati, ikagusa ukuta wa nyuma, ikaanza kupanda. Watoto waliinua mifuko yao, wakaiweka juu ya madawati. Mmoja aliuliza kama hii itakuwa kwenye mtihani. Hoda alisema huenda ikawa. Maji yalipofika magotini, Mwalimu Karwitha wa darasa la jirani alikuja akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Mwalimu Hoda, hiyo yako inaisha saa ngapi? Mimi niko na hesabu na hawa watoto saa tisa."

Hoda aliutazama mwezi wake ubaoni, akapiga hesabu kichwani. "Itakuwa imetoka kama saa kumi."

"Haya. Basi nitafundisha tu ndani yake. Lakini kesho uniambie mapema, nivae malapa."

Hesabu ikafundishwa. Ilikuwa sehemu na desimali.

Sasa, huyu Hoda alikuwa na miaka ishirini na sita na shahada ya sayansi ya bahari, na hakuwa ameiona bahari hata siku moja. Msitukane chuo chake, hakikuwa na ubaya naye. Kilikuwa bara, na safari ya Pwani ya wanafunzi ilipangwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza kukawa na korona. Mwaka wa pili wahadhiri waligoma. Mwaka wa tatu mvua ilikata barabara, na mwaka wa nne basi lilipewa wageni wa mahafali. Hoda alihitimu akijua aina zote tisa za mikoko ya Pwani kwa majina ya kisayansi, na kama ungempeleka kwenye mkoko wenyewe angekuuliza huu ni mti gani. Akakaa nyumbani Isiolo miaka miwili, akimsaidia mama yake dukani, mpaka alipochukuliwa na Mpango wa Bahari Bara, uliokuwa unatafuta wahitimu wapya wa kufundisha watoto mambo ya bahari. Wakaitwa wanagenzi. Mama yake alifurahi hadi akachinja mbuzi.

Mpango huo ulikuwa na kijitabu cha kanuni. Kanuni ya nne ilisema kila mwanagenzi atumwe kaunti aliyozaliwa, awafaidi watu wake. Kanuni ya kumi na moja ilisema hakuna mwanagenzi atakayepewa cheti kabla hajakaa baharini saa thelathini, kila saa ipigwe muhuri na afisa wa ufuo. Kanuni ya kumi na mbili ilisema saa hizo zihesabiwe siku za kazi tu. Ya kumi na tatu ilisema siku za kazi mwanagenzi haruhusiwi kutoka nje ya kaunti yake. Waliozaliwa Kilifi na Kwale walipata vyeti bila taabu. Wa Isiolo, Wajir na Marsabit waliambiwa wawe na subira, jambo hilo linaangaliwa.

Kwa hiyo bahari ilipokuja yenyewe Kulamawe, jambo la kwanza Hoda alilofanya jioni ile, kabla hata ya kukamua sketi yake, ni kutoa fomu na kuandika: saa moja na dakika hamsini.

Jumatano ilikuja tena, ikachelewa karibu saa moja, kama inavyotakiwa. Alhamisi ikachelewa tena. Wiki nyingine ilikuja asubuhi wakati wa paredi, ambayo siku hiyo ilifanyiwa humo darasani kwa sababu ya vumbi, wimbo wa taifa ukaimbwa maji yakiwa kiunoni mwa Gredi ya Kwanza, na bendera nje ikapanda vizuri tu. Ilileta mwani, kaa wadogo na samaki. Samaki hawakuliwa na mtu, maana Kulamawe watu ni wa nyama na maziwa, na Karwitha, ambaye ni Mmeru, alisema yeye hali kitu kinachomtazama bila kupepesa macho. Korongo wakawala. Watoto waliendelea kuja shuleni kila mmoja na kidumu chake cha maji ya kunywa, kwa sababu tangi la shule lilikuwa kavu tangu pampu ya kisima iharibike mwaka juzi. Kiu ikimshika mtoto, alisimama pale ndani ya bahari, akafungua kidumu, akapiga mafunda mawili, akafunga.

Ijumaa jioni Hoda akishuka mjini kwa mama yake, bahari haikuja tena. Darasa lilikaa kavu Jumamosi na Jumapili. Jumatatu akirudi, nayo inarudi. Hilo halikuhitaji kuelezwa, kila mtu aliliona.

Maji yalipotoka yaliacha chumvi. Sakafu ilikuwa nyeupe, na kuta zilikuwa nyeupe hadi usawa wa dawati. Siku ya tatu ngamia jike wa mfugaji mmoja, Dadacha, alipitisha kichwa mlangoni, akalamba ukuta kwa dakika ishirini bila kunyanyua shingo. Siku ya nne walikuwa kumi na wanane nje.

Dadacha alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, mwenye simu mbili na hasira za karibu. Kazi yake ilikuwa aba herega wa kisima kikubwa cha huko, yaani yeye ndiye anayepanga zamu za kunywesha mifugo, nani anatangulia, nani anafuata, na ukimrukia zamu utajua hujui. Ngamia bila chumvi anadhoofika na ngozi yake inaharibika, na kila msimu watu wa pale walikuwa wanawapeleka wanyama mwendo wa siku nne kwenye ardhi ya magadi, siku nne kwenda na siku nne kurudi, na wezi wa mifugo katikati. Dadacha alimfuata Hoda, aliyekuwa akifuta ubao.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, Aba Dadacha."

"Hii maji iko na wakati yake?"

Hoda alimpa ratiba ya mwezi mzima, ameinakili kwa mkono. Dadacha aliisoma, akarekebisha siku mbili kwa kuangalia mwezi, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kuanzia hapo akapanga zamu. Maji yakitoka, kwanza wanaingia ngamia wanaonyonyesha, kisha wanaofuata, mbuzi mwisho. Katika wiki tatu ngozi za ngamia ziling'aa, maziwa yakaongezeka, na kina mama wakaanza kupeleka madebe mawili mjini badala ya moja. Plasta ya darasa nayo ikalambwa yote, mawe yakabaki wazi. Karwitha aliandika barua ya kuomba plasta mpya. Hakujibiwa.

Saa za Hoda zilifika thelathini. Aliendelea hadi arobaini na nne, awe na uhakika, halafu akampigia simu Bwana Kithinji.

Bwana Kithinji ndiye aliyesimamia wanagenzi wa Mpango pale Isiolo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa kaimu msimamizi kwa miaka kumi na moja. Alikuja Alhamisi na pikipiki ya ofisi. Alikuta maji yamejaa. Akavua viatu, akaviweka juu ya dirisha, akakunja suruali, akaingia hadi katikati ya darasa. Alichovya kidole, akaonja.

"Hii ni bahari," alisema. "Hakuna maneno."

"Sasa unaweza kunipigia muhuri?" Hoda aliuliza.

"Ngoja kwanza." Alizunguka kuta zote nne akipapasa mawe. Watoto walimpisha. "Fomu inataka jina la ufuo. Ufuo ni mahali bahari inaishia. Hii yako inaishia kwa ukuta."

"Ndiyo."

"Ukuta si ufuo, Hoda. Nikiandika ufuo ni ukuta, mimi ndio nitaulizwa."

"Na ukiandika tu Kulamawe?"

"Kulamawe hakuna afisa wa ufuo. Kama hakuna afisa, huo muhuri ni wa nani?" Alisema kwa huruma kabisa. Aliahidi kuandikia Nairobi, na kweli aliandika, jioni ile ile, kurasa mbili, akaeleza hata ladha ya maji. Si kila mtu angefanya hivyo.

Wiki hiyo hiyo kituo kimoja cha utafiti huko Pwani kilitangaza nafasi ya afisa wa elimu ya bahari. Kazi ya kudumu, ya pensheni, na nyumba ya wafanyakazi mkabala na maji. Maombi yangefungwa Ijumaa mbili baadaye, saa kumi na moja jioni. Cheti cha uanagenzi kilikuwa lazima. Waliomaliza masomo zaidi ya miaka mitatu hawakutakiwa, na miaka mitatu ya Hoda ingetimia mwezi uliofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na nyingine kama hiyo haikuwepo. Alilijua hilo vizuri. Alilisoma tangazo mpaka akaweza kulisema bila kuangalia.

Mjini, mama yake, Ardo, alimsikiliza akiwa anakunja vitambaa. Alimwita "hooyo", yaani "mama", jinsi mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake kwa jina analoitwa yeye mwenyewe.

"Hooyo, si uende tu? Ufike pale, wakuone. Mtu akionekana, anasaidika."

"Bila cheti hawafungui hata barua."

"Lakini umesema bahari iko hapo shuleni."

"Iko."

"Sasa wanataka nini tena?"

Hoda aliona uchungu, kisha uchungu ukapita, ukaacha kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa. Alishika ncha za upande wa pili wa kitambaa, wakakunja pamoja.

Habari zikafika Kulamawe kwamba mwalimu anataka kuondoka, maana Kulamawe habari haina haja ya gari. Jumatatu Dadacha alimngoja kwenye geti la shule, na wanaume sita nyuma yake. Kwanza waliulizana habari za nyumbani, za mama, za mifugo, za mvua ambayo haikunyesha.

"Mwalimu," Dadacha alisema, "wewe ukienda, hii maji nayo inaenda."

"Nafikiri hivyo."

"Ngamia yetu itarudi kutembea siku nne."

"Najua, Aba Dadacha. Lakini nina miaka ishirini na sita. Nataka kazi."

"Hii si kazi?"

"Hapana. Hii si kazi. Wao wenyewe wameandika hivyo kwenye mkataba, kwamba hii si kazi."

Dadacha aliomba auone mkataba. Aliusoma wote, amesimama juani, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akazungumza na wale sita kwa Kiborana, kwa muda mrefu, na mmoja wao alikasirika akaondoka. Dadacha akamgeukia Hoda.

"Hiyo karatasi yako inakosa nini?"

"Muhuri. Wa mtu anayesimamia mahali bahari inapofika."

"Nani anasimamia hii maji? Nani anapanga zamu?"

"Wewe."

"Basi leta."

Alichokuwa nacho Dadacha ni alama ya ukoo wake, ile wanayochomwa ngamia kwenye shingo: duara, na mstari unaolikata chini. Alama hiyo inajulikana kutoka Merti hadi Oldonyiro. Kwa alama hiyo mtu amerudishiwa ngamia aliyepotea mwaka mzima, bila kesi, bila polisi. Ukimwambia mtu wa huko kuwa sahihi ya afisa ina nguvu kuliko alama hiyo, atakucheka. Dadacha alikaa kwenye dawati la Gredi ya Sita akachora alama hiyo kwa wino mweusi mbele ya kila mstari, moja moja, bila haraka, na alijua anachokifanya: anamfungulia mlango mwalimu aende, na chumvi iende naye. Alipomaliza zilikuwa alama ishirini na sita, moja kwa kila siku ya bahari, kwa saa arobaini na nne. Hoda alianza kumshukuru. Dadacha akamwambia hana haja ya kusema, na akaenda kumgombeza mtu aliyeingiza mbuzi kabla ya zamu.

Jumatano Hoda alishuka mjini kwa ruhusa ya nusu siku, akaiweka fomu mezani kwa Bwana Kithinji. Kithinji aliitazama akaacha kutikisa mguu.

"Hizi ni nini?"

"Muhuri wa anayesimamia."

"Hii ni alama ya ngamia."

"Ndiyo."

"Ooh, Hoda." Alivua miwani, akaifuta na tai. "Hii fomu ni moja tu kwa kila mtu. Iko na namba. Ikichorwa, imeharibika. Mngekuwa mmeniuliza."

"Nilikuuliza."

Kithinji alikubali kwamba aliulizwa. Alisema atajaribu hivyo hivyo. Akaipiga picha, akaituma Nairobi, akaandika chini yake kwamba kwa desturi ya mahali alama hiyo haikanushwi. Hapo nje muuza miraa mmoja alikuwa anabishana na mteja, na Hoda alisikiliza ubishi ule wote mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na masikio yake.

Ijumaa ya mwisho ya maombi bahari ilijaa kuanzia saa nane u nusu. Ilikuwa bamvua, mwezi umekamilika, na maji yalipanda hadi mapajani mwa mtu mzima. Watoto wa Gredi ya Sita walikaa juu ya madawati, miguu ndani. Hoda alikuwa anafundisha matumbawe. Kompyuta yake ndogo ilikuwa juu ya kabati, ombi la kazi limejazwa lote, limebaki sanduku moja tu la kupakia cheti. Karwitha alikuwa amemwazima bando la intaneti. Saa tisa na robo pikipiki ya ofisi ilisikika nje.

Bwana Kithinji aliingia amebeba viatu kwa mkono mmoja na faili kwa mkono mwingine, ameinua faili juu ya kichwa. Alisalimia watoto, watoto wakaitikia. Akapanda juu ya dawati la mbele, akakaa, akaiweka faili mapajani.

"Wamejibu," alisema.

"Wamesemaje?"

Alisoma. Nairobi ilimshukuru mwanagenzi kwa bidii yake. Nairobi ilikuwa imezingatia kwamba bahari iliyotajwa haimo katika orodha ya fukwe, na kwamba fomu ina michoro isiyoruhusiwa. Kwa hiyo saa arobaini na nne hazihesabiwi. Lakini kwa vile matokeo ya Kulamawe ni mazuri kuliko ya kaunti zote za bara, na picha zake zitatumika kwenye ripoti ya mwaka, mwanagenzi ameongezewa mwaka mmoja wa uanagenzi, hapo hapo, kwa masharti yale yale.

"Na nikikataa?" Hoda aliuliza.

"Ukikataa, huu mwaka uliofanya nao unafutwa. Itakuwa ni kama hukukuja." Kithinji hakumwangalia. "Mimi ningekuwa wewe ningesaini. Ningoje. Mimi pia nimengoja."

Kwenye dirisha Dadacha alikuwa amesimama nje mahali pakavu, akisikiliza, na nyuma yake ngamia wa zamu ya kwanza. Hakufurahi. Alitema mate chini, akasema neno moja la Kiborana ambalo watoto walilielewa wakainamisha vichwa. Hata hivyo hakuwaondoa ngamia.

Hoda alisimama. Alijichunguza kama atalia, akaona hapana, hakuna kitu kinachokuja. Aliitazama kompyuta juu ya kabati, na saa ubavuni mwa skrini. Kisha akapiga hatua tano ndani ya maji hadi kwenye dawati la mbele.

"Kuna mahali pa sababu," Kithinji alisema, akifungua kalamu ya kwanza, ambayo haikuandika, kisha ya pili. "Wanataka sababu ya kuongezewa muda. Na lazima nikusomee ninachoandika, uthibitishe."

"Andika."

Kithinji akaandika kwa herufi kubwa, polepole, akisoma kila neno kwa sauti mbele ya darasa lote: "Mwanagenzi hajawahi kufika baharini."

Wimbi lilipita kati ya madawati, likampiga Hoda kiunoni, karatasi ikarukiwa na tone moja. Aliichukua haraka akaiinua juu isilowe, akaipuliza ikauke, akauliza asaini wapi.